Urojo wa Pilipili na Mkono wa Kulia

Mama mkwe, shikamoo. Uniwie radhi kwa hati iliyopinda, ni ya mkono wa kushoto.

Unakumbuka daktari alitoa mshipa wa fahamu mbavuni, akauunga kwenye msuli wa mkono wangu uliopooza siku ya ajali iliyomchukua Bakari wetu. Alisema mshipa utaota polepole, na kwa kuwa ni wa kupumulia, nikivuta pumzi kwa nguvu mkono utajikunja. Miezi minane nimevuta pumzi kwenye mazoezi hapa Unguja, mkono umelala tu.

Jana alasiri nilikaa kwa Bi Shirini, muuza urojo wa Mji Mkongwe. Niliomba pilipili nyingi, kama alivyopenda mwanao. Kijiko cha kwanza kikanipalia, nikakohoa, nikavuta pumzi mpaka machozi. Mkono wa kulia ukanyanyuka pajani, kimo cha kidole.

"Hujamaliza bakuli, ushanyanyua mkono kutaka jengine?" akasema Bi Shirini.

Nikamweleza. Akaweka upawa chini. "Haya, vuta tena. Nnautazama."

Nikavuta. Ukanyanyuka.

Bado haufiki mdomoni, lakini nitauvutia pumzi kila siku mpaka ufike. Wakati wa msiba ulinilisha tonge kwa tonge. Nikirudi, tonge la kwanza la mkono huu ni lako. Ukiniona navuta pumzi kwanza, usidhani nimechoka. Ndipo mkono unapoanzia.

Mungu akulinde, Mama.

Mkaza mwanao,
Zuhura