Koti Nimeliacha Nyuma ya Mlango

Binti yangu Elipendo,

Najua hujui kusoma. Kalamu ukipewa unachora ukuta wa bibi yako, na karatasi unaitafuna. Naandika hivyo hivyo, maana tangu asubuhi sijatulia. Nimefua nguo zilizokuwa safi tayari. Nimefungua kitabu cha magonjwa ya watoto, nikakifunga, nikakifungua tena. Begi nimelifunga na kulifungua mpaka zipu inalalamika: naweka koti jeupe, natoa koti jeupe. Jumamosi nakuja Iguguno kwa bibi yako kukuchukua, na naogopa utanikimbia kama ulivyonikimbia Pasaka.

Mimba yako ilinikuta mwaka wa pili wa udaktari, tukiwa kwenye anatomia. Bibi yako alipojua akapiga simu, hata shikamoo yangu hakuisubiri iishe.

"Mwanangu, mjamzito haangalii maiti."

"Mama, ndiyo somo lenyewe."

Akanitafutia njia ya katikati. "Basi angalia upande upande."

Nilijaribu, Elipendo. Misuli ya mkono haisomeki upande upande. Mpaka leo bibi yako anaamini ndiyo maana unamkodolea mtu macho kana kwamba unamkagua. Baba yako yeye alirudi kwao Manyoni kabla hujazaliwa, na hiyo ni habari yake, akitaka ataisimulia mwenyewe.

Tulipanga chumba karibu na chuo, mimi na wewe. Nilikunyonyesha huku nakusomea mifupa kwa sauti. Nikifika mifupa ya kiganja ulikuwa umeshalala, na mimi ndipo nilipokuwa nasahau iliyobaki. Wenzangu walikupokezana kwenye majadiliano. Ulimkojolea kiongozi wa kikundi, akaendelea kueleza moyo unavyosukuma damu. Nilikuwa nimechoka hadi kwenye nywele, lakini nilikuwa na wewe.

Halafu tukaanza kwenda wodini. Asubuhi moja daktari bingwa ananiuliza swali mbele ya kikundi kizima, mtoto wa mgonjwa akalia kitanda cha tatu. Wewe ulikuwa kwa jirani, mbali. Maziwa yakatoka, koti likalowa mbele pote. Sikumbuki swali. Nakumbuka nilisimama chooni nikiyakamua kwenye sinki, nalia kwa hasira, kwa sababu ulikuwa na njaa mahali fulani na chakula chako kilikuwa kinakwenda na maji.

Kwetu mtoto anaachishwa ziwa kwa bibi. Mama anampeleka, anaondoka, mtoto analisahau titi, kisha mama anarudi kumchukua. Mimi niliachishwa hivyo, na mama yangu pia. Kwa hiyo nilipokuleta Iguguno sikulia sana. Nilijua ni majuma machache. Bibi yako akasema acha mvua zipite, njia ina matope. Zikapita. Akasema acha tuvune alizeti. Tukavuna. Akasema, "Si umalize shule kwanza? Umebakiza mwaka tu." Titi ukalisahau vizuri kabisa, na mwenye titi naye ukamsahau humo humo.

Kilichoniharibia zaidi ni sifa. Bibi yako anauza mafuta ya alizeti kando ya barabara, na kila basi likisimama anakusimamisha mbele ya madumu: "Waambie mama yako ni nani." Nawe unasema, "Daktari!" Watu wanapiga makofi. Hakuwaza kwamba daktari unayemjua wewe ni yule wa zahanati, wa sindano ya paja. Na ukikataa uji, bibi huyo huyo anakutisha: "Namwita daktari sasa hivi!"

Ndipo Pasaka daktari akaja kweli. Nilishuka kwenye basi nimevaa koti, kwa sababu bibi yako aliniomba nije nalo, watu wa kanisani walione. Ulilitazama koti, ukanitazama mimi, ukapiga yowe barabara nzima ikageuka. Ukakimbilia ndani, ukaingia chini ya kitanda alikokuwa anaatamia kuku. Akakudonoa mkono, na bado hukutoka. Kuku alikuwa na nafuu kuliko mimi! Bibi yako alicheka mpaka akafuta machozi, halafu akaniona uso, akaacha. Kile kidonda kidogo ulikataa nisikiguse. Mimi, ninayefunga vidonda vya watu nisiowajua kila siku.

Juzi nilimpigia bibi yako kumwambia nakuja kukuchukua, nimepata mama wa jirani anayelea watoto wa wauguzi.

"Mtoto anakula, ananenepa. Haraka ya nini?"

"Haraka ni kwamba ananiogopa, mama."

Nilisikia basi likisimama upande wake, na wauza kuku wakilikimbilia. Yeye hakuwakimbilia wateja. "Na mimi nitabaki na nani?" akasema.

Jana nilizunguka na swali hilo wodini kutwa, nikamwandikia mgonjwa dozi isiyo yake, ikabidi nesi anirudishe kwenye faili. Juzi hiyo, kabla ya kukata simu, bibi yako alisema, "Njoo. Lakini akubali mwenyewe. Simfungi kamba kama mbuzi." Na anavyosema ndivyo anavyofanya. Ukikataa Jumamosi, nitarudi peke yangu, na mwakani utakuwa umekataa zaidi.

Jana jioni akakupa simu. Nilisikia unapumua.

"Ni mama," nikasema.

"Daktari?"

"Hapana. Mama."

Ukapumua sana. "Una sindano?"

"Sina."

"Kuku katotoa," ukasema. "Wengi. Usishike."

Elipendo, nimesoma mengi miaka hii, na hakuna maneno niliyoyarudia kichwani kama hayo. Hujasema usije. Umesema nisishike. Maana yake umeniona pale, ndani ya uwanja wa bibi, karibu na vifaranga.

Koti nimelitoa kwenye begi kwa mara ya mwisho, nimelitundika nyuma ya mlango. Watu wa kanisani wataniona na kitenge. Jumamosi nikifika sitakuita wala sitakufuata. Nitamwamkia bibi yako, nitakaa chini pale uwanjani, mikono nimeiweka mapajani, na vifaranga sitawashika mpaka wewe uniwekee mmoja mkononi.

Ni mimi,
Mama yako