Akina Kahambu Wamekuwa Mmoja

Olivia, usinipigie, soma tu. Nalia mbele ya watu hapa Wandegeya.

Ile programu mpya ya kutunza marejeo ya tasnifu imenimaliza. Nimehamishia kila kitu humo, vitabu, makala, na mahojiano na mama zetu waliokimbia vita. Ikaniuliza: "Kuna yanayojirudia, niyaunganishe?" Nikabonyeza ndiyo. Nikabonyeza ndiyo, Olivia!

Na sisi Wanande wa Kongo! Kwetu jina linafuata zamu ya kuzaliwa, kila ukoo una akina Kahambu wake. Majina yao mengine niliyaficha kwa usalama wao, nikaandika tu "Mahojiano na Kahambu, Kampala". Mashine ingejuaje? Imewafanya wote mtu mmoja. Maneno yao niliyaandika mle mle. Yamebaki ya mmoja tu, ya wengine yamefutika.

Programu ya zamani nilishaifuta. Sauti nilizowarekodi pia nilizifuta, si niliwaahidi?

Leo Dokta Nalwoga, msimamizi wangu, kafungua marejeo, kaniangalia. "Kumbe sura nzima umeitoa kwa mwanamke mmoja?" Mmoja! Nikamweleza yote. Akasema, tena kwa upole, "Basi rudi ukawahoji upya."

Upya. Banange, upya!

Kahambu wa Nakawa, mmoja wa waliofutika, tulimzika Pasaka, wewe na mimi. Ndiye aliyenitajia wanawe waliouawa, mmoja mmoja, akasema hatawataja tena kwa mtu yeyote.

Wanawe walikuwa wanne. Nimekaa hapa nawatafuta kichwani. Nakumbuka majina mawili.