Mtungi wa Adhiambo

Achieng' mjukuu wangu,

Sisi wazima. Mama yako bado anauza dagaa wa omena sokoni Kondele, na goti langu linauma kama kawaida. Wewe unakaa Nairobi miezi yote kimya, halafu unaandika kuniuliza kama inafaa sheria iruhusu kutoa mimba! Hata salamu hukuweka. Ndiyo shule mnasoma hiyo?

Mimi sheria siijui. Nilimjua Adhiambo, jirani yangu tukiwa wasichana Nyalenda. Alitoa mimba kwa siri, damu ikakataa kukatika, na hospitali hataki kwa kuogopa polisi. Nikakimbia na mtungi kwenye mfereji wetu, bomba la mtaa mzima. Kwenye foleni ya pale hata mwenye msiba hapewi nafasi ya mbele. Mama mmoja wa kanisa, mkali sana, akaniuliza, "Wewe, unasukuma watu, maji ni ya nani?"

"Ni ya Adhiambo."

Walikuwa wamesikia yaliyompata. Mama akavuta mtungi wake nyuma. "Chota! Umuoshe, halafu tumpeleke hospitali. Hao polisi wataongea na mimi."

Foleni yote ikasogea kunipisha.

Adhiambo alipona. Alipotaka kurudi kwaya, mama huyo huyo alisimama kanisani akasema ametenda dhambi, asiimbe. Watu walimwita mama huyo mnafiki. Mimi naona aliamini yote mawili.

Kama swali lako ni la darasani, jibu ndilo hilo. Kama ni lako mwenyewe, acha kuandika, panda gari uje. Nitakupeleka hospitali mimi. Kugombeza, nitagombeza tukisharudi.

Ni mimi nyanya yako, na goti langu.