Milima Isiyotaka Kwenda Mbali

Jumanne, 4 Machi
Darasa la rangi za mafuta limeanza! Tunanakili mandhari ya mchoraji bingwa mmoja wa zamani – mto, miti mitatu, milima ya mbali. Picha imebandikwa ukutani, kila mtu na turubai lake. Miaka nimeliota jambo hili. Nimekwenda na mdogo wangu, Kitinda. Tangu aachishwe kazi anashinda nyumbani kwangu akitazama dari, nikamwonea huruma. Hajawahi kushika brashi.

Jumamosi, 8 Machi
Mto wangu unafanana na barabara ya lami. Wa Kitinda unatiririka. Mwalimu alisimama nyuma yake kitambo, akasema huyu ana jicho. Alipofika kwangu akasema nina bidii. Bidii! Hata punda anayo. Ndiyo hivyo – mkaribishe mtu sebuleni, akalie kiti chako.

Jumanne, 11 Machi
Leo milima. Yangu haitaki kwenda mbali. Imenisimamia mbele kama ukuta wa jirani. Nikaongeza buluu, ikazidi kusogea. Nikafuta kwa tapentaini, nikarudia, nikafuta. Kitinda akaninong'oneza nipunguze makali, nitie nyeupe na kijivu kidogo. Nikajifanya kiziwi. Alipokwenda kunawa mikono nikajaribu. Tope.
Njia nzima ya kurudi, tumebeba turubai zetu, anaimba. Akaniuliza kama kichwa kinaniuma. Nikamwambia ndiyo. Kichwa!

Ijumaa, 14 Machi
Nimerudi kutoka kazini, duka la dawa, miguu imevimba kwa kusimama. Turubai langu limegeuziwa ukutani. Nikaligeuza – milima imekwenda. Iko mbali kabisa, ina ukungu, utembee siku nzima usiifikie. Kitinda yuko jikoni anakata vitunguu, kidole gumba kina buluu. Sikuuliza. Kumshukuru siwezi. Kumgombeza nako, nianzie wapi? Nimekula alichopika, nikasema kitamu.

Jumamosi, 15 Machi
Nilikusudia kusema ukweli. Kweli nilikusudia. Lakini Mwalimu alifika kwenye turubai langu, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akaita darasa zima.
"Huyu mama nilimwambia ana bidii," akasema. "Nilikosea. Ana jicho."
Jicho! Nilicho nacho mimi ni kijicho.
Mdomo wangu ukajibu wenyewe: "Asante, Mwalimu."
Kitinda aliinamia kibao chake cha rangi, akitabasamu. Si kwa dhihaka. Laiti ingekuwa dhihaka, ningejua la kufanya.
Mwalimu anataka Jumanne nisimame mbele ya wote, niwaonyeshe nilivyoipeleka milima mbali.

Jumatatu, 17 Machi
Tangu nitoke kazini najaribu. Tope juu ya tope. Nimejifungia chumbani. Huko sebuleni Kitinda amesogeza meza, ametandika magazeti, amekamua rangi – harufu ya tapentaini inapita chini ya mlango. Kisha akaja mwenyewe.
"Dada, njoo nikuonyeshe. Ni mwendo wa mkono tu, utaushika. Wala hakuna atakayejua."
Angenisuta, ningemfungulia tukakorofishana, yakaisha. Hanisuti. Amebisha tena, taratibu, kwa ncha ya kidole, kama mtu anayebisha kwa mgonjwa. Anasema rangi zitakauka.
Mkono mmoja uko kwenye kitasa. Huu mwingine unaandika