Siku niliyotangaza kwamba wanaanga wamefika

Linden, Columbus. Alhamisi. Tangu asubuhi inanyesha mvua ya baridi isiyoamua kama iwe theluji. Mwanangu aliye Buffalo anasema kwao imeshaamua.

Sijatulia. Leo nimeungama uongo wa zaidi ya miaka thelathini, na nafuu niliyoitarajia haikuja.

Nilikuwa mwalimu milimani, Kivu Kusini, na redio yangu ndiyo iliyosikilizwa na kijiji kizima. Ndiyo iliyotuambia kwamba watu saba wamepaa kwa chombo chenye mabawa, waache setilaiti huko juu na wafanye majaribio: mbegu huotaje pasipo uzito, moto huwakaje. Mama Rebeka, kiongozi wa maombi ya akina mama, aliuliza jambo moja tu: "Nani anafunga kwa ajili yao?"

Kwetu, msafiri akiondoka, waliomwombea hawali mchana mpaka mtu alete habari kwamba amefika. Basi wakafunga, kwa ajili ya watu wasiowajua hata majina.

Betri zikaisha kabla ya Jumamosi, siku ya kutua. Soko lilikuwa mwendo wa siku mbili. Jumapili, nilipoona midomo ya wale mama ilivyokauka, nilisimama kanisani nikasema: "Wamefika."

Wakaimba. Wakachinja mbuzi.

Juzi mjukuu wangu Neema alikuwa na kazi ya shule kuhusu vyombo hivyo, nikamwomba anitafutie safari ile yetu. Akanisomea kwa Kiingereza chake cha haraka. Setilaiti iliachiwa vizuri. Mbegu ziliota. Lakini mawingu yalizuia kutua, wakazunguka dunia siku moja zaidi.

Sisi tukila, wao walikuwa bado juu.

Walirudi salama, ningeweza kunyamaza. Lakini Mama Rebeka, ambaye sasa anaugua nyumbani kwa binti yake huko Iroquois, Louisville, bado huwasimulia vijana ushuhuda ule. Asubuhi hii alinipigia niende Jumapili nikauthibitishe kanisani. "Na uvae suti, Mwalimu, si lile koti lako la mchunga ng'ombe!"

Nikamwambia ukweli.

Kwanza alicheka, akasema kwa Kiswahili chetu cha Kivu kilichochanganyika na Kifaransa: "Donc, siye tulikula mbuzi, na bale batu bangali mu njia?"

"Ndiyo, dada. Unisamehe."

"Bon. Mungu aliwashika bila siye." Kisha nikasikia mashine yake ya kupumulia. "Mwalimu. Na Yohana wangu?"

Yohana ni mwanawe. Vita vilipotutawanya, mimi ndiye niliyempelekea habari kambini kwamba kijana wake amevuka ziwa akiwa hai. Hajaonekana tena. Mama huyu ameishi kwa habari hiyo.

Na ile ilikuwa kweli. Niliisikia kwa mtu aliyevuka naye katika mtumbwi mmoja.

Nikamwambia hivyo. Nikaapa.

"Na Jumapili ile pia ulisimama mbele ya Mungu," akasema, akakata simu.

Nimepiga mara mbili. Binti yake anasema amelala.

Kesho nitapanda basi la Louisville. Nitaketi mbele yake nimweleze kila nilichoambiwa: jina la yule mtu, ufuko walioshukia, shati alilovaa Yohana. Yule mtu amekwisha kufa. Sina shahidi mwingine ila mdomo huu huu.