Kamba Iliyolegea

Jumatatu, 3 Julai 1995

Mkaratusi wa kwanza leo. Umesimama nyuma ya ghala la pamba, matawi yamelala juu ya bati. Ndiyo maana tumeitwa sisi. Mti wa porini unaukata ukiwa umesimama chini, uende unakotaka. Huu lazima upandwe, matawi yashushwe moja moja, bati lisiguswe.

Nimechonga hatua kwa shoka toka chini kwenda juu, za kuingiza nusu ya wayo. Mti mgumu, shoka linarudi. Mabula yuko chini na kamba kama kawaida. Kamba inafungwa kiunoni kwangu, inapita kwenye panda imara iliyo juu ya kichwa changu, inashuka mpaka kwake. Naye anaizungusha kwenye kisiki mara moja na kuishika. Nikiteleza, ni yeye tu kati yangu na ardhi. Ni mume wa dada yangu Minza. Kazi hii tumeifanya pamoja tangu kabla hajamwoa. Mimi napanda, yeye anashika. Hatujawahi kubadilishana.

Ghala lilikuwa la ushirika. Sasa wamelikodi watu wa kampuni. Tangu wanunuzi binafsi waruhusiwe, kila mwenye lori amekuwa mnunuzi wa pamba. Hawa wanataka nafasi ya kugeuzia malori, na majani yasidondokee pamba. Msimamizi wao ni kijana wa Mwanza, havui kofia yake nyekundu hata akiwa ndani. Tunamwita Kofia. Anatuita wazee. Sina hata mvi moja, mshenzi yule.

Mikono inauma. Nimekula, nimeshiba.

Jumanne, 4 Julai

Nikiwa juu nimemwona Kofia amemvuta Mabula pembeni, kwenye kivuli cha lori. Wamezungumza sana. Kamba kaiacha kwenye kisiki, imefungwa, sawa, nilikuwa nimekaa kwenye panda napumzika. Lakini. Niliposhuka wakanyamaza.

Nimemwuliza Mabula. Eti mambo ya kazi. Kazi gani isiyonihusu mimi ninayening'inia?

Mchana Kofia akatuonyesha msumeno wa moto, ule wa injini ya petroli. Umelala kwenye kiti cha mbele cha lori kama mke mpya. Akasema kampuni itamfundisha mmoja wetu kuutumia, miti yote ya maghala mpaka Malampaka itakuwa kazi yake. Mmoja. Akisema hivyo alikuwa anamtazama Mabula. Niliona. Mwenye msumeno ule hahitaji mtu wa kupanda kama nyani na shoka kiunoni.

Jumatano, 5 Julai

Kamba inalala kwa Mabula. Zamani sikujali. Leo asubuhi nimeikagua kabla ya kujifunga, akaniangalia kwa mshangao. Inanuka moshi. Na katikati, ndani ya nyuzi za katani, kuna uzi mweusi umefungwa fundo. Sikuuliza. Nilijifunga nikapanda, lakini kila nikikanyaga hatua nauona uzi ule kichwani.

Niandike kinachonisumbua. Mabula ni Mgalu. Mimi Mgika. Ngoma zetu zimegawanyika pande hizo mbili tangu mababu, na baada ya mavuno tunashindana uwanjani. Anayevuta watu wengi ndiye mshindi, na hakuna mtoto asiyejua kwamba watu hawavutwi kwa sauti peke yake. Dawa zipo. Jumamosi iliyopita watu wote walihamia kwetu, Wagalu wakabaki wanajipigia ngoma wenyewe. Nilimtania Mabula njia nzima ya kurudi. Hakucheka. Mtu wa kucheka kwa kila kitu, siku hiyo hakucheka.

Nimemweleza Kabula, mke wangu. Akasema mimi nikikosa wa kumshuku nitamshuku kuku. Wanawake hawa.

Ijumaa, 7 Julai

Niko hai. Naandika nimelala, kifua hakitaki kuinama.

Lilikuwa tawi kubwa, lile la juu ya bati. Nikalikata chini kidogo, kisha juu, inavyotakiwa. Unga wa mbao ukaniingia machoni, nikafumba. Nikasikia tawi linalia. Mara kamba ikalegea. Haikuteleza, haikukatika. Ililegea yote kwa mkupuo. Nikashuka kama gunia, kimo changu kizima, kifua kinaparuza gome, ndipo kamba ikanidaka. Juu yangu kishindo, mti mzima ukatetemeka. Au nilitetemeka mimi.

Nikafungua macho, nikatazama chini. Mabula amesimama na mwisho wa kamba mikononi. Akanipigia kelele:

"Ungekufa wewe!"

Akacheka. Na wapakiaji wa pamba wakacheka naye.

Nimeshuka, nikajifungua kamba. Ungekufa. Hiyo ndiyo pole siku hizi? Mkono unaoshika kamba miaka yote haulegei wenyewe. Alilegeza. Naapa alilegeza.

Jumamosi, 8 Julai

Sijaenda kazini wala ngomani. Kifua kimekuwa kidonda kimoja kirefu. Vijana wa Kofia wameumaliza ule mti kwa msumeno wa moto, wameuangusha upande wa shamba. Tumeusikia mlio mpaka huku. Umechukua muda wa kunywa chai.

Minza amekuja kunipa pole, kaleta kuku wa kuchemsha. Dada yangu wa tumbo moja. Lakini kuku kapikwa kwenye nyumba ya Mabula. Nimemsubiri aondoke, nikampa mbwa. Kabula kanitukana vibaya. Mpaka jioni mbwa mzima kabisa, amekaa mlangoni anangoja mwingine.

Nina njaa na nina hasira.

Jumatatu, 10 Julai

Mkaratusi wa pili, nao matawi yake yako juu ya bati. Nimemwambia Mabula leo sipandi, kifua. Akasema basi tungoje nipone. Nikamwambia hapana. Panda wewe, mimi nitashika.

Akautazama mti mpaka juu. Ujanani alipanda sana, anajua. Akaniuliza kama nimewahi kushika. Nikamjibu, kushika kuna nini? Nilitaka aonje. Sitaki aumie, Mungu anajua, nilitaka tu ajue inavyokuwa roho yako ikiwa mkononi mwa mtu mwingine.

Kavua viatu, kapanda taratibu, kachonga hatua zake. Matawi madogo yote tumeyashusha salama. Kamba niliikaza mwanzo mpaka mwisho, ikawa inalia kama waya. Kamba inashikwa hivi, nikajisemea. Nilitaka na wapakiaji waone. Alipotua chini alinyoosha mgongo, akasema kiuno kinamuuma, nimembana mno. Nikamwambia bora kiuno.

Akakunja kamba. Anajua ninachokisema.

Jumanne, 11 Julai

Mabula ameumia. Mimi ndiye nilikuwa na kamba.

Niandike ilivyokuwa. Tawi la juu ya bati, kama lile langu. Kalikata chini, kakata juu. Likaanza kuinama. Akageuka akanitazama, akapaza sauti, "Legeza!"

Ndivyo alivyosema. Nilisikia vizuri kabisa. Na mimi nikafikiri, nani anayeomba kulegezewa akiwa juu? Nikafikiri ananitega, aanguke kidogo mbele ya watu, iwe nami nililegeza, tuwe sawa. Yote hayo niliyafikiri kwa muda wa kupepesa jicho. Nikaikaza zaidi. Nikaongeza mzunguko mwingine kwenye kisiki.

Ncha ya tawi ikagonga chini kabla upande wa shinani haujaachia. Basi ule mwisho mnene ukaruka nyuma, ukapiga teke kama ng'ombe anayekamuliwa na mgeni. Yeye alikuwa anajitupa kushuka, mwili wote unavuta, kamba haimpi. Nilimwona anavuta. Likampiga pajani. Nilisikia mfupa ukivunjika, mimi niko kule chini.

Akabaki ananing'inia, hapigi hata kelele. Nikafungua mzunguko ule wa pili kwa meno, nikamshusha. Kamba imenichuna viganja vyote, lakini sikuiachia. Wapakiaji wamempokea. Kofia katoa lori, tumempeleka hospitali ya Bariadi amelala juu ya magunia ya pamba.

Siwezi kushika kalamu vizuri. Mungu wangu.

Jumatano, 12 Julai

Mfupa wa paja. Wamemfunga mguu, wameuning'iniza na jiwe. Atakaa hapo muda mrefu, daktari hasemi lini.

Minza hakuitikia salamu yangu. Alichukua bakuli akaenda kuosha, na lilikuwa safi.

Mabula alikuwa macho. Nikasimama tu na viganja vyangu vimefungwa vitambaa. Akatazama vitambaa, akanitazama usoni. "Ulinishika sana, shemeji." Basi. Akageukia ukutani.

Njia nzima nimejibizana naye kichwani. Kwani kazi ya mshika kamba ni nini kama si kushika? Nilishika! Angeanguka ningeambiwa nini? Lakini kuna kitu hakikai sawa. Kishindo kile cha Ijumaa. Nilikuwa nimeshaanguka, nimeshadakwa. Sasa kilichopiga mti kule juu ni nini?

Alhamisi, 13 Julai

Nimekwenda ghalani kuchukua shoka letu. Kofia akaniita. Akatoa kamba mpya kwenye lori, ya nailoni, nene, bado imefungwa karatasi yake. Akasema mwenzako ndiye alikuwa ananifuata kila siku kwa hii, kila nikija kanivuta kwenye lori, kamba, kamba. Eti ya zamani imezeeka na shemeji yake ni mzito. Kofia anacheka. Kasema pia hawezi kungoja mguu wa mtu, kesho analeta fundi wake wa msumeno kutoka Mwanza, miti iliyobaki si yetu tena. Nikaitikia. Sikumbuki niliitikia nini.

Kamba ile nimeiweka begani, haina uzito wowote.

Kisha nimeuendea ule mkaratusi wa kwanza. Umelala mzima kando ya shamba, wameshauchuna gome upande wa chini watu wa kuni. Hatua zangu zote zipo. Nikazifuata mpaka ile niliyosimama siku ya Ijumaa. Naijua, niliichonga vibaya, imeinama kushoto. Mbele yake mti una jeraha. Mbao imebonyea na kupasuka, gome limesagika, utomvu umeganda mwekundu. Kitu kizito kiligonga hapo kwa nguvu zote.

Nikalala chini. Kwenye majani, sambamba na mti, nyayo zangu nimezilinganisha na hatua ile. Nikageuza uso.

Jeraha liko usawa wa paji la uso wangu.

Nikainua mkono nikaligusa bila kuinuka. Nimelala pale sijui muda gani. Mlinzi wa ghala kaja kanisimamia, kanisalimu, "Mwangaluka, baba, umelewa asubuhi hii?" Nikamwambia napima. Akaenda zake.

Mabula aliona nimefumba macho. Aliona ule mwisho mnene unarudi. Alikuwa na muda wa kufanya kitu kimoja, akakifanya. Ungekufa. Hakuwa anatania, na hakuwa anatishia. Alikuwa ameogopa, akacheka kama anavyocheka kwa kila kitu. Na mimi siku zote nilidhani aliye juu ndiye mwenye ujuzi, wa chini ni kigingi tu cha kufungia kamba. Miaka yote hiyo. Ni mara ngapi alinilegezea nisijue?

Nimelia. Kabula kaniona.

Jumapili, 16 Julai

Baada ya kanisa nimekwenda hospitali. Nimebeba kuku. Minza kamtazama yule kuku, kanitazama mimi, kisha akapokea. Kumbe Kabula alishamwambia habari za mbwa. Hakucheka, ila aliniitikia salamu.

Nimemweleza Mabula kuhusu mti, jinsi nilivyolala na nilichokiona. Nimemwambia nilimdhania nini. Yote, hata ngoma, hata kuku. Ilikuwa vigumu kuliko kupanda. Amesikiliza akiwa anatazama dari. Uzi mweusi sikumwuliza. Sitamwuliza.

Alipoongea, aliulizia kamba mpya. Nikamtolea. Akaishika, akaipitisha vidoleni kidogo kidogo mpaka mwisho, anakagua. Kasema inateleza, itabidi azoee. Mguu wenyewe umening'inizwa na jiwe.

Kisha kaniambia kuna mtu wa Mwanhuzi ana mikaratusi nyumbani kwake, anatafuta wapandaji, nimchukue mdogo wake yeye Mabula anishikie, kijana ana nguvu. Nikamwambia sitaki mwenye nguvu. Huyo wa Mwanhuzi angoje, au atafute wengine. Mimi sipandi mpaka Mabula asimame. Sina mwingine wa kunilegezea.