Gitaa la Babu Limeacha Kukoroma

Karakana ya Mzee Mussa,
Ng'ambo,
Tabora.
9 Septemba 2024

Mpendwa Dada Esperansi,

Kabla hujauliza kwa nini bahasha ni nene, jua kwanza umeandikiwa na nani. Kuanzia Ujiji mpaka Bagamoyo, njia nzima ile waliyopita wapagazi na pembe zao mabegani, hajawahi kukanyaga mtu mwenye sikio kama langu. Gitaa likiugua Kigoma, mimi nalisikia nikiwa hapa Ng'ambo nakula mihogo. Hayo yakishakuingia kichwani, shikamoo dada yangu.

U mzima? Mgongo ule uliokuwa unakusumbua kwa kuinamia wagonjwa umetulia? Shemeji Anton hajambo? Mwambie bado sijampitisha, namchunguza. Sisi huku hatujambo, ila kiangazi kimetukausha mpaka mate. Shangazi Flavia kule Ulyankulu anaendelea vizuri, miguu tu inamvimba jioni. Babu ni mzima wa mwili. Wa moyo nitakueleza.

Utasema kwa nini barua wakati simu ipo. Kwenye simu, dada, huwa unanikatiza kabla sijafika pazuri, na kabla sijafika pabaya pia. Karatasi haina tabia hiyo.

Sasa tuje kwenye agizo lako. Ulisema siku ya harusi, ukitoka nyumbani kwa Babu kwenda kanisani, unataka Babu akutangulie na gitaa lake, wimbo uleule aliomtoa nao marehemu mama nyumbani siku ya harusi yake. Ulisema bila hilo hata keki isiletwe. Na ukasema gitaa litengenezwe kwanza, maana ulivyolisikia kwenye simu linakoroma kama mlevi, na ndugu wa Anton watafunga safari toka Mtwara kuja kutucheka. Basi kazi ikaangukia kwangu, kwa sababu mimi nipo kwa seremala na gitaa ni mbao. Ndivyo mlivyofikiri wote. Kwa hesabu yenu hata anayechonga majeneza anaweza kufufua watu.

Babu alinikabidhi gitaa mwenyewe, limefungwa kwenye kanga ya marehemu bibi. Akaniambia mwaka huu limeingiwa na mkoromo mbaya, nikautoe huo. Nikamwambia nitautoa mpaka na mizizi yake.

Unajua masika yote lilikuwa wapi? Kwenye bani. Ndiyo, bani la kukaushia tumbaku. Babu aliona nyumba inavuja, akatafuta mahali pakavu kuliko pote hapo kwetu, akalitundika juu ya fito katikati ya majani, moto unawaka chini mchana na usiku. Tumbaku ikakauka, na gitaa nalo likakauka. Mpaka leo ukilipiga unapiga chafya. Nilipomwambia Mzee Mussa alishika kichwa, akaniuliza kama ukoo wetu huwa tunahifadhi na mayai humo.

Dada, kazi ya gitaa ina udhia ambao kitanda hakina. Kitanda kikilia, unakaza bolti. Gitaa likilia, mtaa mzima unakuwa daktari. Kila aliyepita mbele ya karakana alikuwa na lake. Muuza kahawa alisema nilipake mafuta ya nazi. Mwingine akasema nyuzi ni za bandia. Majidi fundi baiskeli, ambaye hata kengele ya baiskeli hajui kuipiga, alisema limeingiwa na kitu, lisomewe. Nikawaambia asanteni, sogeeni mnaniziba mwanga.

Nilianza na nyuzi, nikafunga mpya. Likakoroma vilevile, tena sasa kwa sauti safi zaidi. Hapo nikajua ugonjwa ni wa mwili, si wa nguo. Nikalishika kama tunavyoshika ubao, jicho moja limefumba, nikaichungulia shingo kutoka kichwani mpaka kifuani. Shingo ya gitaa yapasa ipindike kidogo sana, kama mtu aliyekaa raha, ili nyuzi zipate nafasi ya kutikisika. Ukibonyeza uzi huku mwanzo na kule mwisho, katikati unabaki upenyo mwembamba. Hili lilikuwa limekauka likajikaza kama polisi kwenye gwaride. Hapakuwa na upenyo hata wa kupitisha umbea. Na kifua chake kilikuwa kimebonyea, kimezishusha nyuzi zote. Zikitikisika tu zinagonga vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo, ndiyo kukoroma kwenyewe.

Hapo ndipo ungeniona. Nilichukua kisahani cha plastiki cha kuwekea sabuni, chenye matundu, nikatia sponji iliyoloa halafu ikakamuliwa, nikakiingiza ndani ya tumbo la gitaa na kuliziba tundu kwa nailoni. Nikaliacha linywe maji polepole. Hafsa binti Mzee Mussa alikuwa ananicheka kila akileta chai, ananiuliza mgonjwa kaamkaje, kala. Usiniulize habari za Hafsa, barua hii ni ya gitaa.

Likanenepa kidogo, kifua kikapanda. Ndani ya shingo mna chuma kirefu ambacho unaweza kukikaza au kukilegeza, nikakilegeza kidogo kwa spana ya umbo la L niliyoazima kwa Majidi, ambaye aliniazima akiwa bado anasema lisomewe. Nikaweka kipande cha rula juu ya vyuma vya shingo, vitatu vitatu. Palipo sawa rula inatulia. Mahali pamoja ikachezacheza kama bembea, nikajua cha katikati kimenyanyuka. Nikakigonga taratibu kwa nyundo ya mti, nikakipitishia tupa na msasa. Mkoromo ule mbaya ukafa hapohapo, nikausikia unavyokufa.

Nilidhani nimemaliza. Kumbe chini yake ulikuwepo mwingine. Mwembamba, wa kuudhi, kama nyuki aliyefungiwa kwenye chupa ya soda. Huu haukujali nabonyeza wapi. Juu upo, chini upo, uzi mnene upo, mwembamba upo. Dada, nilitaka kuligeuza gitaa hilo kuni. Nilikaza funguo zote za kichwani, nikaukandamiza mti wa daraja, ule nyuzi zinapofungiwa chini, nikakung'uta kila skrubu. Nikamwomba Hafsa apige nyuzi wakati mimi nabonyeza kila mahali kwa kidole, kama unavyobonyeza tumbo la mgonjwa kuuliza hapa, hapa. Hakuna. Wateja wakaanza kuulizia vitanda vyao, Mzee Mussa akaanza kuniita mwanamuziki, na alivyolitamka neno hilo halikuwa sifa.

Mwisho nikaingiza mkono mzima kwenye tundu la kifuani. Kwenye ule mti wa ndani unaoshikilia kifua nikakuta waya umefungwa, na kwenye waya kipande cha bati la shaba kimeviringishwa kizembe, kinaning'inia. Nikakigusa, nyuki akanyamaza. Nikakiachia, nyuki akarudi.

Nilikata waya kwa koleo na kukitoa. Hafsa alikigeuza mkononi, akaangalia ule waya. Akasema, "Leonadi, mtu hafungi mafundo mazuri hivi bila sababu."

Nikamwambia sababu za watu wa zamani nyingi ni ubishi tu.

Sasa sikiliza ufundi, huu hata wewe utaukubali. Uzi mnene ulikuwa bado unagusa kidogo sana ukipigwa kwa nguvu, ukahitaji kunyanyuliwa. Kile kipande cha mfupa kinachobeba nyuzi pale chini kilitaka kuongezewa unene kama wa ukucha. Nikakiangalia kile kibati. Unene wake ni uleule. Nikakiponda kwa nyundo kikawa bapa, nikakikata ukanda mwembamba, nikausugua kwa msasa, nikaupachika kwa gundi chini ya mfupa. Makombo nikayafagia pamoja na vumbi la mninga. Yaani kilekile kilichokuwa kinaleta mkoromo ndicho nilichokifanya kiuzuie. Nani amewahi kufanya hivyo Tabora? Nilistahili kupigiwa saluti.

Gitaa likatoka safi, dada. Safi mpaka Majidi akanyamaza. Muuza kahawa akatingisha kichwa, akasema yale mafuta ya nazi yamefanya kazi.

Jumapili iliyopita nikalipeleka Ulyankulu. Nilimkuta Babu ametoka misa, bado amevaa koti, na shangazi ameteleka chai. Majirani wakasogea, maana nilikuwa nimeshawatangazia tangu njiani. Babu akakaa, akapiga mwanzo wa wimbo wako. Akasimama. Akaanza tena, akasimama tena. Kisha akaliinua gitaa mpaka sikioni akalitikisa, kama mtu anavyotikisa kibiriti kuona kama zimebaki njiti.

Akaniangalia, akasema, "Umelinyoa."

Nilicheka, nikidhani ananisifu. Nikaanza kumweleza habari za sponji na rula. Akaniinulia mkono ninyamaze, halafu akaanza kusema Kirundi, na wewe unajua Babu Kirundi huwa anakitoa akisali au akiumia.

Akasema baba yake alikuwa na ikembe, kile kinanda cha mbao chenye vyuma vinavyochezwa kwa vidole gumba. Mwaka wa sabini na mbili, walipokimbia Burundi, aliibeba chini ya shati, wengine wamebeba vyungu yeye amebeba ikembe. Wakafika nayo. Humuhumu Ulyankulu mchwa wakala mbao yake, watoto wakachezea vyuma kimoja kimoja mpaka vikaisha, na marehemu mama yetu akiwa mmoja wa watoto hao. Kikabaki kibati kile kilichokuwa kikivishwa kwenye chuma ili ikembe iungurume. Babu aliponunua gitaa ujanani mwake, kitu cha kwanza alichofanya ni kukifunga mle ndani.

Akasema, "Nilimweka humo aniitikie. Mama yenu tulimtoa nyumbani wawili, mimi na baba."

Shangazi Flavia akaacha kumimina chai. Mimi nilikuwa naangalia viatu vyangu.

Na hapa niruhusu nikasirike, kwa sababu kila mtu kwenye habari hii anakasirika isipokuwa mimi. Miaka yote tumekua chini ya sauti ile, hakuna aliyewahi kusema ina nini. Mimi nilidhani magitaa yote duniani yanaunguruma hivyo, mpaka nilipohamia mjini nikasikia ya wenzetu, nikaona aibu. Babu aliniambia mkoromo mbaya, hakuniambia kuna mzuri. Wewe uliniambia ndugu wa Anton watacheka. Bani lililikausha. Majidi alitaka lisomewe. Mimi peke yangu ndiye niliyefanya kazi, tena kazi safi, na sasa ndiye mwenye makosa. Hii ni haki ya wapi?

Nilivyorudi nikajaribu kutengeneza kibati kingine. Nimekata kopo la rangi, nimekata mfuniko wa kopo la maziwa, nimeomba hata kipande cha shaba kwa mtu wa masufuria. Nimefunga waya kwa mafundo yaleyale, kwenye gitaa bovu la kijana mmoja wa hapa, nijaribu. Cha rangi kinalia kama kopo. Cha maziwa kinalia kama kopo dogo. Cha shaba hakilii kabisa. Hafsa anasikiliza kila kimoja, halafu ananirudishia koleo.

Karatasi inakwisha. Nisalimie shemeji Anton, mwambie sasa nimempitisha, sina tena uso wa kumchunguza mtu. Wasalimie wenzako wote wa wodini. Mzee Mussa anakusalimu na anakutakia ndoa yenye kheri. Mama Hafsa ameshaanza kuzungumzia pilau. Shangazi anasema uje na dawa ya miguu. Mungu akulinde njiani na kazini, na mikono yako aizidishie baraka kwa wale unaowahudumia.

Nilitaka kuishia hapo, na kama ningekuwa na akili ningeishia hapo.

Kuna swali Babu aliniuliza pale uani ambalo nimelipita kimyakimya huko juu. Alipomaliza kusema habari za baba yake aliniuliza kibati kiko wapi. Kilikuwa magotini pake, dada, chini ya mfupa, kimepondwa na kukatwa, na kilichobaki kilikwisha kwenda na takataka za Mzee Mussa. Mimi nikamwambia kipo. Nikamwambia nimekifunga kwenye kitambaa safi, kiko kwenye droo ya karakana, nitamletea.

Babu akanishika kichwa akanishukuru. Alinishukuru, Esperansi.

Tangu siku hiyo, anasema shangazi, amelikalisha gitaa kwenye kiti chake na yeye anakaa mkekani. Halipigi. Anasema ataanza mazoezi ya wimbo wako kibati kikifika, na kila anayekuja huku anampa ujumbe kwangu nisikisahau.

Gitaa si kitu, lingine litapatikana, na kukitoa kibati sikujua. Ila kumwambia kipo, hilo nilijua. Omba ruhusa uje mapema kabla ya harusi, tuende kwake wote wawili. Mdomo huu wote unaoujua umeshindwa na neno moja.

Mdogo wako anayekupenda na kukusubiri kituoni,

Leonadi